Kerneli mpya ndani ya Debian 12: tawi la kufungua na matawi ya kuacha

Swali: Shikamoo mtaalamu. Natunza hesabu kwenye duka letu la steshenari hapa Mwenge. Kompyuta zetu zote zinatumia Debian 12, kwa sababu fundi aliyetutengenezea programu ya mauzo aliijenga juu ya hiyo na hataki tuhame kwa sasa. Tumenunua kompyuta mpakato mpya Kariakoo, tukaiwekea Debian 12 hiyo hiyo. Kila kitu kinakwenda isipokuwa Wi-Fi, haionekani kabisa. Kijana mmoja kaniambia kerneli yetu ni ya zamani, 6.1.0, nitafute mpya. Nimetafuta nikakutana na majina mengi: updates, security, proposed-updates, backports, testing, sid. Lipi ni langu? Na nitajuaje kerneli gani iko wapi bila kumaliza bando?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Tawi lako ni bookworm-backports (bookworm ni jina la Debian 12), na humo utachukua kifurushi kinachoitwa linux-image-amd64, ambacho ndicho kerneli, kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa, pamoja na fimwea ya kadi yako ya Wi-Fi, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Ila usiandike amri yoyote ya kusakinisha kabla hujaijua kadi yenyewe ni ipi. Kerneli mpya ina gharama yake, na hiyo ni kompyuta ya mauzo.

Kwanza tuiondoe hiyo 6.1.0 njiani, maana imewasumbua wengi. Ukiandika

uname -r

Debian 12 hujibu kitu kama 6.1.0-31-amd64. Mtu akiona hivyo hudhani kerneli haijaguswa tangu Debian 12 ilipotoka tarehe 10 Juni 2023. Hilo ni jina tu, na Debian huliacha vile vile makusudi. Inayobadilika ni ile namba ya katikati, 31 katika mfano huu. Toleo lenyewe unalipata kwa

uname -v

na humo utasoma, kwa mfano, Debian 6.1.128-1. Yaani ni mstari wa 6.1, uliofikia toleo lake la marekebisho la 128. Kerneli yako imekuwa ikizibwa matundu ya usalama muda wote huu, mradi mmekuwa mkisasisha. Mstari wa 6.1 ni wa LTS, yaani usimamizi wa muda mrefu: hupokea marekebisho ya makosa na ya usalama kwa miaka, lakini draiva nzima ya kifaa kipya (programu ndani ya kerneli inayokiendesha kifaa hicho) kwa kawaida haiingizwi humo. Draiva mpya huingia kwenye mstari unaofuata, na mstari mpya wa Linux hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Ndiyo maana kompyuta zenu za zamani ziko salama na hii mpya peke yake ndiyo inayolalamika.

Sasa kadi. Andika

lspci -nn | grep -i network

Utapata mstari mmoja, na mwishoni mwake mabano ya mraba yenye jozi ya namba iliyotenganishwa kwa nukta mbili. Jozi hiyo ndiyo kitambulisho cha kadi. Jina la kibiashara lililoandikwa kwenye boksi achana nalo. Ukisoma 10ec:b852, hiyo ni Realtek RTL8852BE. Draiva yake inaitwa rtw89_8852be na iliingia kwenye Linux 6.2. Mmeikosa kwa hatua moja tu, na hapo ushauri wa kijana wako ni sahihi kabisa.

Lakini ukisoma 10ec:c852, hiyo ni RTL8852CE, ndugu yake wa karibu, na draiva yake iliwahi kuingia kabla ya 6.1. Mwenye kadi hiyo akibadilisha kerneli atakuwa amemaliza bando bure, kwa sababu tatizo lake huenda ni fimwea isiyokuwepo. Muulize kompyuta mwenyewe:

sudo modinfo rtw89_8852be

Ikikuambia moduli (faili la draiva) haipatikani, kerneli uliyonayo haina draiva. Ikikumwagia maelezo marefu, draiva ipo, na unachotakiwa kusoma ni

sudo dmesg | grep rtw89

Ukiona humo malalamiko ya faili la fimwea kushindwa kupakiwa, dawa ni kusakinisha firmware-realtek kutoka sehemu ya ghala iitwayo non-free-firmware, ambayo ilianza na Debian 12 hii hii. Kerneli huigusi. Hukunitajia kadi, kwa hiyo kuanzia hapa nachukulia ni ile ya kwanza, RTL8852BE, maana dalili ulizozieleza zinafanana nayo. Ikiwa ni kadi nyingine, njia ya kuchunguza ni hii hii: pata kitambulisho, pata jina la draiva, kisha ujue iliingia kwenye mstari gani wa Linux. Namba hiyo ndiyo unayokwenda nayo kwenye matawi. Bila hiyo utakuwa unatafuta "mpya" tu, na mpya haina mwisho.

Haya, matawi yenyewe. Kerneli mpya ikitoka kwa watengenezaji wake, ndani ya Debian huanzia experimental au unstable, ambayo jina lake lingine ni sid. Ikikaa humo siku kadhaa bila kosa kubwa hushuka testing. Ikishafika testing, ndipo watunzaji wa kerneli huijenga upya dhidi ya maktaba za Debian 12 na kuiweka bookworm-backports. Hii ni kerneli iliyopitia mikono ya watu na kushonwa kwa kipimo cha toleo lako.

Matawi mengine matatu uliyoyataja hayaendi huko. Bookworm-security huleta marekebisho ya usalama ya mstari ule ule wa 6.1. Bookworm-proposed-updates ni chumba cha kusubiria cha matoleo madogo, kama 12.4 au 12.9, na kerneli iliyomo ni 6.1 pia. Bookworm-updates hubeba vitu vichache visivyoweza kusubiri toleo dogo lijalo. Unaweza kuyapekua yote matatu usiku kucha na hutaikuta 6.2 wala chochote kilicho juu yake.

Testing na sid zina kerneli mpya kuliko zote, na hapo ndipo vijana wengi wanapojikwaa. Wanaongeza mstari wa sid kwenye orodha ya maghala ili kuchukua kifurushi kimoja, halafu wanasahau kuutoa. Apt, programu inayosakinisha vifurushi vya Debian, hulipa ghala la kawaida kipaumbele cha 500, na sid hupata 500 hiyo hiyo. Kipaumbele kikiwa sawa, lenye namba kubwa ndilo linalochukuliwa. Wiki ijayo mtu anaandika apt upgrade kama kawaida yake, na nusu ya mfumo inahamia kwenye maktaba mpya ambazo programu yenu ya mauzo haijawahi kuziona. Wana-Debian wana jina la mchanganyiko huo, FrankenDebian, na mafundi wengi wakiukuta hupendelea kusakinisha upya kuliko kuutibu. Kwenye kompyuta yenye hesabu za watu, usifungue mlango huo.

Backports imetengenezwa kwa tahadhari tofauti. Vifurushi vyake vina kipaumbele cha 100, kwa hiyo ukiliongeza tawi hilo hakuna kinachobadilika mpaka wewe mwenyewe ukitaje kifurushi kwa jina. Hiyo ndiyo sababu nakutuma huko kwa amani.

Kuhusu bando. Kuchungulia kilichomo kwenye matawi hakuhitaji kupakua kerneli yoyote. Ukiwa na simu tu, fungua packages.debian.org, tafuta linux-image-amd64, na utaona kila tawi na toleo lake kwenye ukurasa mmoja. Ukipenda kufanya hivyo kwenye terminali, sakinisha devscripts kwenye mojawapo ya kompyuta zenu, kisha

rmadison linux-image-amd64

Itakuletea jedwali la maneno matupu: toleo upande mmoja, jina la tawi upande wa pili. Ni baiti chache. Kwangu hii ndiyo njia bora kuliko zote, maana inaonyesha matawi yote, hata yale ambayo kompyuta yako haijaunganishwa nayo.

Ukisharidhika, unganisha kompyuta mpya na simu yako kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Njia hiyo haitegemei kadi ya Wi-Fi, na 6.1 inaijua vizuri. Ukiandika ip link utaona kiungo kipya chenye jina la usb0 au linaloanza na enx. Tengeneza faili /etc/apt/sources.list.d/backports.list na uweke ndani mstari huu mmoja:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm-backports main non-free-firmware

Halafu

sudo apt update
apt policy linux-image-amd64

Hapa tulia usome, kwa sababu majibu yako yote yamo. Utaona jedwali linalofanana na hili (namba nilizoweka ni za mfano, zako zinaweza kuwa mbele zaidi):

6.12.12-1~bpo12+1 100
100 http://deb.debian.org/debian bookworm-backports/main
*** 6.1.128-1 500
500 http://security.debian.org/debian-security bookworm-security/main

Nyota tatu zinaonyesha uliyonayo sasa. Namba ya mwisho wa mstari wa toleo ni kile kipaumbele nilichokieleza, na mstari unaofuata unataja tawi toleo hilo lilikotoka. Kwa hiyo unasoma: niliyonayo ni 6.1.128 kutoka tawi la usalama, kwa 500. Backports ina 6.12.12, kwa 100, inasubiri niiite. Draiva yako iliingia 6.2, na 6.12 iko mbele ya 6.2, basi umeipata. (Hesabu za matoleo husomwa kipande kwa kipande, kumi na mbili ni kubwa kuliko mbili, usiisome kama desimali.)

Mkia wa ~bpo12+1 nao una kazi. Katika upangaji wa matoleo wa Debian, alama hiyo ya wimbi hulifanya toleo lihesabiwe kuwa dogo kidogo kuliko lile lisilo na mkia. Siku mtakapohamia Debian 13, kifurushi halisi cha huko kitachukua nafasi ya hiki cha backports bila ubishi. Nani aliyebuni hilo simjui, ila ameniokolea usingizi mwingi.

Fanya vivyo hivyo kwa fimwea:

apt policy firmware-realtek

Kerneli mpya mara nyingine hutafuta faili la fimwea jipya ambalo kifurushi cha zamani hakina, kwa hiyo ukikuta toleo la backports, chukua vyote viwili pamoja. Anza kwa kujaribu bila kugusa kitu:

sudo apt install -s -t bookworm-backports linux-image-amd64 firmware-realtek

Hiyo -s huigiza tu. Soma orodha ya vitakavyowekwa. Ikiwa imetaja picha ya kerneli, fimwea na vitu viwili vitatu vinavyoambatana, ni sawa. Ikianza kutaja maktaba kadhaa wa kadhaa au kutaka kuondoa vifurushi, simama, kuna tawi jingine limejipenyeza kwenye orodha yako. Ikiwa sawa, rudia amri bila -s. Apt itakuambia ukubwa wa kupakua kabla hujakubali. Tenga MB 200 hivi za bando ili usikatikie katikati. Kama una sehemu yenye Wi-Fi ya bure na adapta ya USB ya kuazima, ongeza --download-only, upakue huko, kisha usakinishe ukiwa dukani.

Zingatia umeitaja linux-image-amd64. Ndani ya tawi utaona pia majina marefu kama linux-image-6.12.12+bpo-amd64. Hayo ni kerneli moja moja. Ukisakinisha jina refu utabaki nalo hilo hilo. Likitoka jingine lenye kiraka cha usalama, apt haitakuletea. Jina fupi ni kifurushi kinachofuata jipya lililopo, na kwa kuwa apt hairudishi kifurushi nyuma yenyewe, litaendelea kusasishwa kutoka backports japo kipaumbele chake ni 100.

Kabla ya kusakinisha, angalia nafasi kwa df -h /boot, hasa kama /boot yenu ina kizigeu chake. Na fanya kazi hiyo betri ikiwa imejaa. Umeme ukikatika wakati picha ya kuwashia inaandikwa, kompyuta isiyo na betri hubaki na kerneli nusu. Likitokea, washa kwa kerneli ya zamani na uandike sudo dpkg --configure -a, itamalizia ilipoishia.

Kerneli ya zamani usiiondoe. Iache 6.1 ikae, nayo itaonekana kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuwashia kompyuta, chini ya chaguo za ziada. Nalisisitiza hili kwa sababu kerneli mbaya hupita hata kwenye tawi tulivu. Desemba 2023 toleo 6.1.64-1 lilikuwa limeandaliwa kuingia Debian 12.3, likagundulika kuwa linaweza kuharibu data kwenye mfumo wa faili wa ext4, ule ambao huenda ndio mnaotumia. Debian walisimamisha 12.3, na tarehe 10 Desemba wakatoa 12.4 yenye 6.1.66. Aliyekuwa na kerneli ya pili kwenye menyu aliwasha kwa hiyo na kusubiri. Nakala ya hesabu zenu iwe nje ya kompyuta hiyo kabla hujagusa chochote.

Kama Secure Boot (ulinzi unaokubali kuwasha kerneli yenye sahihi tu) imewashwa, linux-image-amd64 ya backports ina sahihi ya Debian na itawaka bila kubadilisha mipangilio. Faili za .deb za kerneli zilizojengwa na wengine, ambazo utaziona zikipendekezwa huku na kule, kwa kawaida hazina sahihi hiyo. Na kama kuna kitu kinachotegemea DKMS, mfumo unaojenga moduli upya kwa kila kerneli mpya, kwa mfano VirtualBox au draiva ya NVIDIA, ongeza linux-headers-amd64 kutoka tawi hilo hilo, la sivyo moduli zake hazitajengwa. Printa zenu hazihusiki na haya, CUPS, mfumo wa kuchapisha, haijali kerneli ni ipi.

Sasa gharama niliyoitaja mwanzo. Timu ya usalama ya Debian haisimamii backports. Viraka huja kupitia watunzaji wa kifurushi wenyewe, na kwa kerneli wamekuwa wakifanya kazi nzuri, ila huwa kuna siku za kusubiri ambazo bookworm-security haina. Tena mstari wenyewe hubadilika chini ya miguu yako: bookworm-backports ilipita 6.5, 6.6, 6.9, 6.10 na 6.11 kabla ya kufika 6.12. Kila kuruka huko ni kerneli tofauti yenye mabadiliko yake. Kwa sababu hiyo fanya hivi kwenye kompyuta hiyo mpya tu. Zile nyingine ziache kwenye 6.1, zina kila zinachohitaji.

Mwambie fundi wenu jambo moja pia. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025 ikiwa na mstari wa 6.12, ule ule uliofika backports ya 12. Usimamizi wa kawaida wa Debian 12 umepangiwa kuishia Juni 2026, kisha LTS ya Debian yenyewe hadi Juni 2028, na LTS haihusishi backports. Namsihi aanze kuijaribu programu yake juu ya 13 mapema. Katika kipindi cha LTS kerneli mpya huweza kuja kwa njia nyingine: Debian 10 ilipofika huko ilipewa 5.10 kupitia tawi la usalama, kwa kifurushi chenye namba ndani ya jina, linux-5.10. Kwa hiyo tawi likifungwa, tafuta kwa jina lenye namba pia.

Wasomaji wa Ubuntu wasifuate amri hizi. Huko kerneli mpya haikai kwenye jammy-backports (jammy ni Ubuntu 22.04) hata kidogo. Imo kwenye jammy-updates, na kinachotofautisha ni jina la kifurushi: linux-generic hubaki 5.15 kwenye 22.04, wakati linux-generic-hwe-22.04 ilipanda 5.19, 6.2, 6.5 hadi 6.8. Fedora hupandisha kerneli ndani ya sasisho za kawaida, huna cha kutafuta. Kwenye Rocky na AlmaLinux 9 namba 5.14 haikuambii kitu kuhusu draiva zilizomo, maana Red Hat hurudisha draiva nyingi mpya kwenye namba hiyo hiyo ya zamani. Pima kwa modinfo, na ukikosa kabisa, ghala la ELRepo lina kernel-lt na kernel-ml.

Ukimaliza, washa upya, andika uname -r uone neno bpo, kisha sudo dmesg | grep rtw89. Wi-Fi ikiendelea kufichama, niandikie ukiambatanisha mstari wa lspci -nn, jedwali zima la apt policy na hiyo dmesg. Picha ya simu inatosha, ilimradi namba zisomeke.